Bushi za mbele za Datsun ya baba, na rangi ya kucha iliyowaumbua

Bado nina hasira, mtanisamehe. Juzi kati hapa nimepeleka Datsun 240Z aliyoniachia marehemu baba ikabadilishwe bushi za kontrol amu za mbele, yaani vile vipande vya mpira kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu, gereji moja upande wa Ilala, jina naliacha. Hata sijafungua mdomo fundi mkuu, mtu mzima kabisa, ananiuliza, "Dada, shemeji hajaja?"

Shemeji! Nilikuja na mdogo wangu tu, kanibebea stendi zangu za kuegemezea gari, basi kuanzia hapo maelezo yote anapewa yeye, bosi ona hapa, bosi mpira umekwisha, na huyo bosi hajui hata boneti inafunguliwa wapi, anaitikia "eeh, eeh" huku anachati.

Gari wanainua kwa jeki moja na tofali. Nikasema hapana, tofali la saruji halipigi hodi likiamua kupasuka na mtu yuko uvunguni. Wakacheka, ila stendi zangu wakaziweka.

Kwenye kutoa bushi sina neno. Wengi wanachoma mpira kwa moto mtaa mzima unakohoa, huyu mzee alizitoa kwa presi, mashine ya kusukumia, na mpya akazisukuma kwa kubana ganda la nje, hakugusa katikati, zikaingia zimenyooka. Mkono anao.

Sasa kilichoniua. Ile bushi ni mabomba mawili ya chuma, mpira umegandishwa katikati yake. Bolti ikishakazwa bomba la ndani halizunguki tena, amu ikipanda na kushuka ni mpira ndio unajipinda. Ukikaza matairi yananing'inia, ukishusha gari tu mpira umeshapinda hata getini hujafika, na unabaki hivyo usiku na mchana mpaka uchanike. Ndio maana unashikiza kwanza, kukaza kabisa mpaka gari ikae kwenye matairi yake. Shimo lao la kuingia chini ya gari liko pale pale, hatua tano, ila kuna Noah ya mtu imepaki juu yake na hakuna anayetaka kuisogeza. Wakakaza hewani.

Nikamwambia mzee wangu, naomba hizo mbili zilegezwe zikazwe gari ikiwa chini. Akamjibu mdogo wangu: "Bosi, mwambie dada gari nimeanza kutengeneza yeye hajazaliwa."

Nikanyamaza. Nikatoa rangi ya kucha kwenye pochi, nyekundu, nikachora mstari kwenye kila nati mpaka kwenye chuma cha pembeni, nikaenda zangu kula chipsi mayai. Narudi, gari iko chini, "tayari dada, tumekaza upya zote." Nainama na tochi ya simu, mistari yangu mizima, haina hata ufa. Yaani hata spana haijapita!

Jamani nilipiga kelele mpaka wauza miwa wakasogea. Gari ya aina hii ndio ilichukua Safari Rally 1971 na 1973, baba alikuwa haachi kutuambia, leo ife kwa matuta ya Tabata kwa sababu ya Noah? Msiende pale. Nyota moja, na hiyo ni ya presi.

Ila ngoja niseme ukweli. Mzee hakubisha tena. Akasogeza Noah mwenyewe, akaingia shimoni mwenyewe, akalegeza, halafu akaniita mimi, siyo bosi. "Dada, shuka." Akanipa spana, "kaza nikuone." Nikakaza na gauni langu, grisi mpaka kwenye kiwiko, na mpaka leo sijui alikuwa ananiheshimu au ananikomoa.

Nikapitia alaimenti, kunyoosha matairi, gari imetulia, ile ngo-ngo-ngo ya kwenye matuta imeisha kabisa. Basi nyota tatu, naweza hata kurudi.

Nafika nyumbani nasoma risiti. Jina la mteja wameandika la mdogo wangu.

Mbili.