Kampuni iliyotuhifadhia imeli za ofisi: uzoefu wangu

"Dada, hizo si imeli za zamani? Mnazitakia nini?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na fundi wa kampuni inayotuhudumia kompyuta, mkaguzi akiwa amekaa mezani kwangu anasubiri mawasiliano ya kontena lililotusumbua mwaka juzi. Sisi tunatoa mizigo bandarini Dar, jamani. TRA, watu wa kodi, wakitaka kumbukumbu za miaka 5 unatoa, huulizi za nini.

Walichofanya: wamekusanya mafaili ya PST ya kila idara, yaani yale ambayo programu ya imeli ya Outlook hutunzia imeli, wakayarundika kwenye folda moja ya seva, wakasema haya, tumieni wote. Wote vipi? PST anaifungua mtu mmoja kwa wakati. Uhasibu wakiwahi, sisi wa nyaraka tunaambiwa faili linatumika. Na Microsoft wenyewe wanasema miaka yote kwamba faili hilo lisifanyiwe kazi kupitia mtandao wa ofisi, likae kwenye diski ya kompyuta husika. Umeme ukakatika, swichi ya mtandao ikazima watu wakiwa ndani ya faili. Faili likafa.

Wakaleta scanpst, programu ya Microsoft ya kutengeneza PST zilizoharibika. Tumeikodolea macho mchana kutwa, mwisho ikatema folda imejaa vipande: imeli hazina kichwa cha habari, viambatisho havifunguki. Bili ya shehena niliyoitaka? Jina lipo, ndani hamna kitu.

Usalama ndiyo usiseme. Wao walituambia mafaili "yana paswedi." Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo kapakua kiprogramu cha bure, paswedi ikatoka chai haijapoa. Mle mna mishahara na pasipoti za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022!

Ila nisiwaonee. Kijana waliyemtuma baadaye ana adabu zake. Imeli zilizobaki amezihamishia kwenye hifadhi ya seva ya imeli yenyewe, kila mtu na ruhusa yake, nakala nyingine iko nje ya ofisi na imesimbwa, haisomeki bila ufunguo anaoshika bosi. Naandika jina la mteja, inakuja. Kwa kweli nilishaanza kuwasamehe.

Ndipo ikaingia ankara: "kutengeneza faili la PST." Wametutoza! Kwa faili walilolivunja wao, na halijatengenezeka! Hapana, msiwape kazi. Yule kijana siku akijitegemea, mtafuteni.