Gitaa la besi la Wal: uzoefu wangu na kazi ya mafundi wawili wa Uingereza

Gitaa langu la besi la Wal lina nyuzi nne, halina freti (vile vijiti vya chuma vinavyogawa shingo kwa noti), na lilitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1980, wakati waanzilishi wote wawili wa karakana ya Wal walipokuwa bado wakifanya kazi pamoja. Nililinunua likiwa limekwisha kutumika kwa miaka mingi, na tangu hapo nimelipiga studio na jukwaani, katika muziki wa kila namna. Watu wanaoliona kwa mara ya kwanza husifu mbao zake, na wanaolijua jina lake huzungumzia uchache wake. Mambo yote mawili ni ya kweli, lakini kwa maoni yangu si hayo yanayolifanya liwe tofauti na besi nyingine nzuri zilizochongwa kwa mkono. Tofauti iko katika saketi ndogo ya umeme iliyofichwa mgongoni mwake, na katika uamuzi wa watu wawili kwamba mbao na umeme vibuniwe kwa wakati mmoja, kama kitu kimoja.

Ili uamuzi huo ueleweke, inafaa kukumbuka mahali besi ya umeme ilipoanzia. Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka Marekani mwaka 1951, ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kiwanda: mwili wa ubao usio na nakshi, shingo inayofungwa kwa skrubu, na vipuri ambavyo fundi yeyote angeweza kubadilisha. Ubunifu huo ulikuwa na akili nyingi kiasi kwamba kwa takribani miaka 20 wapigaji wengi hawakuona haja ya kutaka kitu kingine. Mabadiliko yalianza pale wanamuziki wa studio na wa makundi makubwa walipohitaji sauti safi zaidi na yenye masafa mapana zaidi kuliko ile iliyotoka viwandani. Alembic, iliyoanzishwa California mwaka 1969 na watu waliokuwa karibu na kundi la Grateful Dead, ndiyo iliyofungua njia kwa kuweka saketi inayotumia nguvu ya umeme ndani ya gitaa lenyewe. Huko New York, fundi Carl Thompson alimtengenezea mpigaji Anthony Jackson besi ya nyuzi sita mwaka 1975, kitu ambacho kiwanda kikubwa kisingekigusa wakati huo. Upande wa Uingereza, kazi ya namna hiyo ilifanywa na Ian Waller na Pete Stevens.

Jina Wal limetokana na Waller. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha umeme, na Stevens ndiye aliyekuwa na mikono ya mbao, ingawa kila mmoja aliielewa kazi ya mwenzake vya kutosha kuweza kubishana naye. Kampuni yao waliiita Electric Wood, yaani Mbao za Umeme, jina ambalo nalipenda kwa sababu linataja vitu viwili tu na halijisifu kwa lolote. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo, katikati ya miaka ya 1970, kuna besi yenye shingo tatu waliyomtengenezea Roger Newell, aliyekuwa akipiga na mpiga kinanda Rick Wakeman. Baadaye gitaa hilo lilifika mikononi mwa Chris Squire wa kundi la Yes na likajulikana kwa wengi kupitia yeye. Lililokuwa na uzito zaidi kwa historia ya karakana hiyo, hata hivyo, ni besi waliyoibuni pamoja na John Gustafson, mpigaji wa studio mwenye uzoefu mkubwa, ambayo ilizaa toleo dogo lenye herufi za jina lake. Kutokana na mazungumzo yao na wapigaji wa aina hiyo walitengeneza mfululizo wa Pro, kisha ule wa Custom, ambao ndio watu wengi huufikiria wanapolisikia jina la Wal.

Gitaa langu ni la mfululizo wa Custom. Kiini cha mwili ni mahogani, na mbele na nyuma yake kumebandikwa mabamba ya mbao ngumu yenye mistari inayokwenda pamoja kwa namna ambayo jicho haliwezi kukosa kuifuata. Wateja walichagua bamba walilolitaka: mjozi (walnut), padauki, wenge, shedua na nyinginezo, kadhaa kati ya hizo zikiwa mbao za misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Shingo imeundwa kwa vipande vya mbao mbalimbali vilivyogandishwa pamoja kwa urefu, ili kila kipande kizuie mwenzake kupinda. Imefungwa mwilini kwa skrubu, na hili huwashangaza wale wanaoamini kwamba gitaa la bei kubwa ni lazima shingo yake ipite ndani ya mwili hadi mwisho. Mimi sijawahi kusikia upungufu wowote kutokana na skrubu hizo. Noti inadumu muda mrefu kuliko ninavyohitaji katika wimbo wowote. Nyuso zote zimepakwa umalizio usiong'aa sana, na ukingo ambao mkono wa kulia huegemea umelainishwa kwa uangalifu ambao mashine haina sababu ya kuwa nao.

Lakini ni lazima nirudi kwenye umeme, kwa sababu hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda. Kinasa sauti cha besi ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, koili moja au mbili kwa ajili ya nyuzi zote. Kinasa cha Wal kina koili ndogo nane, mbili kwa kila uzi, na koili hizo mbili zimepangwa ili mvumo unaotoka kwenye nyaya za umeme na taa za jukwaani ujifute wenyewe. Faida ya kwanza ni ukimya: nikiacha kupiga, hakuna kinachosikika. Faida ya pili ni kwamba kila uzi unasikika kwa mipaka yake, hivyo ninapopiga nyuzi mbili kwa pamoja hazivurugiki, hata chini kabisa ya shingo ambako besi nyingi hutoa tope tu.

Baada ya vinasa ndipo vinapokuja vichujio, na hapa nitakaa kidogo. Kitufe cha toni katika besi ya kawaida hupunguza masafa ya juu na kazi yake huishia hapo. Saketi za betri zilizoenea baadaye katika besi nyingi huongeza au kupunguza besi na trebo, kama ilivyo kwenye redio. Waller hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Alikipa kila kimoja kati ya vinasa viwili kichujio chake kinachopitisha masafa ya chini na kukata yaliyo juu ya kikomo fulani, na kitufe cha kuzungusha ndicho kinachohamisha kikomo hicho juu au chini. Ukikivuta kitufe hicho kidogo kutoka mahali pake, sauti iliyo karibu kabisa na kikomo inainuka, na ghafla gitaa linapata mlio wa puani, unaobadilika unapozungusha kitufe kama mdomo unavyobadilika kutoka kwenye "u" kwenda kwenye "o" na kufika kwenye "a". Kanuni hii ni ile ile inayotumika katika sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ila hapa imewekwa chini ya vidole vya mpigaji, na ipo mara mbili, kila kinasa na kichujio chake.

Maana ya jambo hili kwa vitendo ni kubwa kuliko maelezo yanavyoonyesha. Naweza kukifunga kichujio cha kinasa cha karibu na shingo hadi kibaki na uzito tu, nikakifungua cha karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, na kukivuta ili kitoe ukali, kisha nikatumia kitufe cha mchanganyo kuamua ni kiasi gani cha kila kimoja kisikike. Matokeo yake ni noti yenye chini iliyotulia na juu inayosema, bila ile hali ya katikati iliyojaa kupita kiasi inayolazimisha fundi wa sauti kuanza kukata. Kitufe cha sauti nacho kikivutwa kinaongeza mguso wa mwanzo wa noti, jambo linalosaidia sana unapopiga kwa plektra, kile kibamba kidogo cha kupigia nyuzi badala ya vidole. Tena kuna tundu la XLR, la kebo ya pini tatu kama ya maikrofoni, linalopeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) bila kisanduku cha kati. Leo tundu hilo si ajabu, lakini linaonyesha kwamba gitaa hili lilifikiriwa na watu waliojua jinsi siku ya kazi studio inavyokwenda, ambapo dakika zinazopotea kutafuta kebo hulipiwa na mtu.

Kwa gitaa lisilo na freti, vichujio hivi vinafanya jambo jingine ambalo sikulitarajia kabla ya kulimiliki. Kwenye shingo isiyo na freti, kidole ndicho kinachoshika uzi juu ya ubao, na noti huanza kwa ulaini kisha ikachanua. Kikomo cha kichujio kikiwekwa karibu na mahali noti inapochanulia, mchanuo huo unasikika waziwazi hata ngoma zikiwa kubwa, na kila mtelezo wa kidole unakuwa sehemu ya wimbo. Upande wa pili wa faida hii ni kwamba noti iliyopigwa juu au chini kidogo ya ilipopaswa nayo inasikika waziwazi. Gitaa hili halimfichi mtu.

Ukitaka ushahidi kwamba sauti hii haimnyimi mpigaji nafsi yake, sikiliza waliolitumia. Percy Jones wa Brand X na Mick Karn wa kundi lililoitwa Japan wote walipiga Wal zisizo na freti, katika miaka inayokaribiana, na hakuna anayeweza kuwachanganya: Jones anarukaruka na kuvunja mdundo, Karn anazungumza kwa misemo mirefu inayopinda kama haijui itakapoishia. Geddy Lee wa Rush alilitumia lenye freti katika rekodi za nusu ya pili ya miaka ya 1980, akipata sauti kavu na ya haraka, tofauti na ngurumo aliyokuwa anajulikana nayo kabla. Justin Chancellor wa Tool analisukuma kupitia vifaa vya kuparuza sauti hadi besi inachukua nafasi ya gitaa linaloongoza wimbo. Binafsi nimejifunza zaidi kutoka kwa Karn, ingawa sitadai kwamba mafunzo hayo yanasikika.

Waller alifariki mwaka 1988. Kabla ya hapo karakana ilikuwa imejihusisha na mradi wa ajabu kidogo, besi ya MIDI (mfumo wa kupeleka noti kwenye kompyuta na sintesaiza) iliyobuniwa na Mwaustralia Steve Chick, ambayo freti zake zilikatwa chini ya kila uzi ili mguso wa uzi na freti uiambie kompyuta ni noti gani inapigwa. Ilikuwa hila ya werevu, kwa sababu noti za chini huchelewa kutambuliwa na mashine inayosubiri kusikia mtikisiko wenyewe; hata hivyo soko lake lilikuwa dogo. Stevens aliendelea na kazi baada ya mwenzake kuondoka, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii usukani ukachukuliwa na Paul Herman, aliyekuwa amefanya kazi na Stevens na anayeendelea kutengeneza Wal kwa ubunifu ule ule, kwa idadi ndogo. Nimewahi kupiga moja ya zile mpya kwa muda wa kutosha kuridhika kwamba si nakala ya kuwafurahisha wakusanyaji: vichujio vinaitika vilevile.

Anayefikiria kununua ajue mambo machache yasiyopendeza. Mbao hizi ni nzito, na gitaa zima si jepesi; mkanda mpana si anasa. Bila betri ya volti 9 halitoi sauti, kwa hiyo betri ya akiba hukaa kwenye kasha langu daima. Sauti yake ina tabia, na kuna prodyuza wanaotaka besi isiyo na tabia yoyote, ambao kwao Precision ya kawaida itafaa zaidi na itagharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Wal mpya husubiriwa kwa miaka, na subira hiyo imepandisha bei ya zile za zamani hadi kiwango ambacho, kwa maoni yangu, hakilingani tena na kazi ya mpigaji wa kawaida. Sehemu ya bei hiyo ni ubora, na sehemu nyingine ni hamu ya watu wanaozitundika ukutani. Aliye na subira na asiyehitaji ya zamani ni bora aagize mpya, kwani atachagua mbao na shingo inayomfaa badala ya kurithi uchaguzi wa mtu mwingine.

Anayenunua iliyotumika asiridhike kwa kuitazama. Achomeke gitaa kwenye kikuza sauti, ageuze kitufe cha mchanganyo hadi mwisho wa upande mmoja, azungushe kichujio cha kinasa hicho polepole kutoka chini hadi juu kikiwa kimevutwa, kisha arudie upande wa pili. Sauti inapaswa kupanda kwa ulaini bila mkwaruzo na bila kuruka, na kila uzi utoe nguvu sawa na mwingine katika kila kinasa. Uzi mmoja ukiwa hafifu, huenda koili yake imekufa, na koili hizo haziuzwi katika duka la vipuri. Ajaribu pia tundu la XLR kwenye mikisa halisi, kwa maana wamiliki wengi hawakuwahi kulitumia na hawajui kama linafanya kazi.