Uzoefu wangu: kliniki iliyonipima kupona kwa kipimo kisichojua kupona

Dawa zenyewe sina ugomvi nazo. Tumbo limenisumbua kwa miaka, mara kiungulia, mara kujaa gesi, mara kushiba kabla sijala cha maana, hadi kipimo cha choo kikubwa kilipoonyesha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Nikaandikiwa omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, pamoja na antibaiotiki mbili, amoksisilini na klarithromaisini, kwa siku 14, nikazimaliza zote, ingawa mdomo ulikuwa mchungu kiasi kwamba hata maji hayakunyweka.

Kilichoniudhi ni siku ya marudio. Mhudumu alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akasubiri mistari miwili itokee, kisha akatamka bila kuinua macho kwamba bado ninao na kwamba nianze dozi nyingine "kali zaidi". Nilipomuuliza, kwa adabu kabisa, iwapo damu inaweza kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyokwisha kutibiwa, alinisukumia karatasi ya dawa na kuniuliza kati yangu na yeye nani kasomea. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, nazo huweza kubaki kwenye damu kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuangamizwa. Anayetaka kujua kama amepona hupimwa pumzi au choo, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibaiotiki, akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki 2, kwa kuwa dawa hiyo huwapunguza bakteria kwa muda hadi majibu yakaonyesha kwamba hawapo ilhali wapo. Mimi sikuulizwa hata nilimeza nini mara ya mwisho.

Tuseme basi kwamba bakteria walibaki kweli, maana wapo walio sugu kwa klarithromaisini. Kanuni ya kawaida ni kwamba dawa hiyo ikishindwa hairudiwi, bali hutafutwa mseto mwingine, kwa mfano ule wenye bismathi. Kwenye karatasi niliyosukumiwa, klarithromaisini ndiyo iliyoandikwa juu kabisa.

Nilikusudia kuipa kliniki hii alama ya mwisho, lakini ningemdhulumu daktari aliyenianzishia matibabu. Yeye aliniambia mapema kwamba kwa wenye tumbo sugu lisilo na vidonda, kumwondoa bakteria huwapa nafuu baadhi tu, tena nafuu yenyewe huweza kuchukua miezi, hivyo kiungulia kikirudi nisikimbilie kudhani kwamba dozi imeshindwa. Maelezo hayo peke yake yanastahili alama nzuri. Halafu nakumbuka kile kicheko cha foleni, na alama zote zinaniponyoka mkononi.

Ile dozi ya pili sikuinunua. Baadaye nilipima choo kwingine, kwa masharti yake yote, na bakteria hawakuonekana. Gesi bado hunijia mara mojamoja. Kwa daktari yule ningerudi hata kesho, mradi yule mwenzake asiwe zamu.