Gravimita ya atomi baridi kwa wafuatiliaji wa maji ya ardhini

Anayepima graviti ili kujua maji ya ardhini yanapanda au yanashuka anaijua kero ya kifaa cha springi: springi huchoka. Namba ya leo na ya baada ya miezi sita hazilinganishiki mpaka urudi kituo cha marejeo, pale ambapo graviti inajulikana tayari. Ndiyo maana gravimita hii (kipima graviti) inayotumia atomi zinazoanguka badala ya springi imenifurahisha kuliko kifaa chochote nilichowahi kusimamisha juu ya nguzo ya zege.

Ndani ya chumba chenye ombwe, leza hunasa atomi za rubidi, huzipoza hadi mikrokelvini chache (karibu kabisa na sifuri halisi), kisha huziachia zianguke. Mapigo matatu ya leza huligawa wimbi la kila atomi, huligeuza, mwisho huliunganisha tena. Njia ambayo wanafizikia Kasevich na Chu waliionyesha mwaka 1991. Mapigo yakipishana kwa milisekunde 80, atomi huanguka sentimita zipatazo 12 tu, lakini awamu inayosomwa (tofauti ya hatua kati ya sehemu mbili za wimbi, ambayo ndiyo hutoa graviti) hukaribia radiani milioni moja. Rula ni wimbi la mwanga, nalo limefungwa kwenye atomi za aina ile ile. Hakuna cha kulegea. Wala hakuna kioo cha kudondoshwa na kuinuliwa mpaka vyuma vilike.

Niliiacha ipime usiku kucha, asubuhi mchoro ukaonyesha wazi mvuto wa Mwezi na Jua. Tabaka la maji la mita 1 huongeza takriban mikrogali 42 (mikrogali 1 ni kama sehemu moja ya bilioni ya graviti ya Dunia), kwa hiyo kifaa kinachotofautisha mikrogali chache kinayaona maji ya msimu bila kuchimba kisima.

Mtetemo ndio adui. Kioo cha marejeo, kile kinachorudisha mwanga wa leza kwa atomi, kikitikisika, mashine haiwezi kujua kama ni kioo au ni graviti. Kihisi cha mtetemo husaidia, ila karibu na barabara utasubiri muda mrefu zaidi. Pima pia urefu wa kifaa kutoka sakafuni kwa makini, maana sentimita 1 ni mikrogali 3, na mwongozo umelipitia jambo hili juu juu mno. Kama kazi yako ni kuzunguka vituo vingi kwa siku moja, baki na springi: kichwa cha kupimia na kabati la leza havibebeki mgongoni.

Kabla ya kununua, mdai muuzaji matokeo ya kulinganisha kifaa hicho hicho na gravimita nyingine kamili, yaani inayopima graviti yenyewe bila kutegemea kituo cha marejeo. Mwanga wa leza usiponyooka sawasawa huleta kosa la mikrogali kadhaa, na kosa hilo halipungui hata ukipima wiki nzima.