"Believe" ya Mumford & Sons: Banjo Imekwenda Wapi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi! Karibuni tena, niko hapa hapa Dodoma, na mkisikia mvumo kwenye maiki ujue ni upepo wetu huu, hauna dawa.

Leo nina singo ya 2015, "Believe" ya Mumford & Sons, bendi ya London. Ya zamani, najua. Naileta kwa sababu ubishi wake tunao hata sisi: mtu wa muziki wa asili akishika gitaa la umeme, amekua au amepotea?

Jamaa hawa walianza 2007. Banjo (ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo kama ngoma), gitaa kavu, besi lile kubwa la kusimama, na Marcus Mumford anaimba huku mguu wake unapiga ngoma. Kwa sauti hiyo albamu yao ya pili, Babel, ikabeba Grammy ya albamu bora mwaka 2013. Halafu wakaja na hii. Banjo hakuna!

Sikilizeni mwanzo, naweka kidogo tu, mambo ya hakimiliki mnayajua... Mmesikia? Kibodi imetandazwa, Marcus anaimba taratibu. Baadaye inaingia drams kamili, na katikati gitaa la umeme linafumuka. Hapo, jamani, hapo pametulia. Prodyuza ni James Ford, na sauti kaifanya pana kweli. Msiisikilizie kwenye spika ya simu, mtaambulia nusu. Vaeni hedifoni.

Sasa kinachonikera. Vyombo wamebadilisha, mwendo hawajabadilisha. Ni ule ule wa kuanza chini, kupanda, kulipuka. Zamani kilichokupandisha ni vidole vya banjo, vinakimbia mpaka na wewe unakimbia. Hapa vidole havipo, kwa hiyo nusu ya kwanza inasubirisha. Tena ukiondoa sauti ya Marcus, wimbo huu unaweza kuwapa bendi yoyote kubwa ya viwanjani na asishtuke mtu.

Na msiniambie ndivyo umeme unavyofanya. Mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, mwaka 2002 alitoa Assembly na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mle ndani kuna gitaa la umeme, kuna mitambo, lakini ilimba, ile ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haijasogezwa pembeni hata kidogo, na koo lile la Mzee liko juu ya kila kitu. Dakika moja tu mtu wa Chamwino anajua huyu ni wa kwetu. Brook ndiye anayemfuata Mzee. Kwenye "Believe" sioni nani anamfuata nani.

Kama mnataka kuwasikia wakipiga roki kweli, tafuteni "The Wolf", iko albamu hiyo hiyo, Wilder Mind. Ile haisubirishi, gitaa liko mbele tangu mwanzo na drams zinakimbia. Hiyo ningeitolea bando bila kufikiria. Mwaka uliofuata walitoa Johannesburg pamoja na Baaba Maal wa Senegal, nayo tutaichambua siku nyingine. Na banjo? Ilirudi kwenye Delta, 2018. Sisemi walijuta, nasema ilirudi.

Alama zangu: gitaa la katikati, tisa kwa kumi. Wimbo mzima, sita. Wenye hasira na hiyo sita, sikilizeni kwanza Assembly yote ndipo mje tubishane.