Seti ya kufuma kialamisho cha kitabu: uzoefu wangu wa wiki tatu

Niliagiza seti hii mwishoni mwa Juni, wakati ambapo baridi ya Iringa humfanya mtu atafute kazi ya kufanya akiwa ameketi karibu na jiko, na nilivutiwa na tangazo lililosema kwamba hata mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya kroshia ataweza kufuma kialamisho cha kitabu kwa jioni moja tu. Muuzaji yuko Dar es Salaam. Nililipa shilingi 22,000 za seti na shilingi 3,000 za kusafirisha kifurushi kwa basi, nikakipokea stendi ya Igumbilo kesho yake kikiwa salama. Ile jioni moja iligeuka kuwa wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi ya maelekezo.

Ndani ya mfuko mlikuwa na sindano moja ya alumini, madonge matatu madogo ya uzi wa rangi nyeupe, kijani na damu ya mzee, sindano butu ya kufichia ncha za uzi, kishada kilichokwisha kufungwa, pamoja na karatasi hiyo yenye picha ya kialamisho kizuri chepesi, chenye matundu kama ya vitambaa ambavyo mama zetu walikuwa wakitandika juu ya makochi.

Sindano ni nzuri, na ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha yangu yote. Imepigwa chapa ya milimita 2.5, ina sehemu bapa ya kuwekea kidole gumba, na kulabu yake imesuguliwa vizuri kiasi kwamba haikwaruzi uzi wala kuuchana. Niliwahi kununua sindano ya bei rahisi mjini, ikawa inanasa kila baada ya kitanzi cha tatu hadi nikadhani tatizo ni mikono yangu. Hii hupita. Kasoro yake ni ya hali ya hewa zaidi kuliko ya kiwanda: alumini asubuhi ya Julai huku kwetu ni baridi kama bomba la maji, na ilinibidi niishike kwanza kiganjani kwa dakika kadhaa kabla vidole havijakubali kufanya kazi.

Uzi nao ni wa pamba kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya donge. Nilikata kipande kifupi nikakichoma kwa kiberiti juu ya kisahani, kikaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, bila kuyeyuka. Jambo hili lina maana kwa kialamisho, kwa sababu lazima kipigwe pasi ili kilale bapa, na uzi wa plastiki hauvumilii pasi ya moto. Unene wake pia umechaguliwa vizuri. Si mwembamba wa kumchosha anayejifunza, wala si mnene kama wa sweta, ambao ungefanya kitabu kisifunge sawasawa. Rangi ya damu ya mzee, hata hivyo, inachuja. Niligundua hilo nilipoulowesha, na kwa kuwa kialamisho hukaa katikati ya kurasa nyeupe, ninamshauri anayenunua aufue uzi huo peke yake kwanza, au autumie kwa kitu kingine.

Sasa niizungumzie karatasi. Imeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka mpaka mtu anapofika kwenye majina ya mishono, ambayo mwandishi ameyaacha kama yalivyo. Inasema ufume cheni ya vitanzi 48, kisha uanzie kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano na kufuma "dabo" hadi mwisho, halafu ugeuze na kurudia mpaka upate safu tatu. Mimi sikuwa mgeni kabisa, kwa kuwa somo la sayansikimu shuleni lilitupitisha kwenye kufuma, na tulichofundishwa kuwa ni dabo ni ule mshono mfupi: unaingiza sindano, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, unavuta tena, umemaliza. Nikafuma hivyo kwa jioni tatu. Nilichokipata ni ukanda mgumu wenye urefu wa sentimita 20 hivi na upana wa sentimita moja na kidogo, usiofanana hata kidogo na picha, na kwenye pembe moja palikuwa na kitanzi kilichojitokeza kama sikio. Nilifumua nikarudia, kwa kudhani nimekaza mno, na sikio likarudi palepale.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu, ambaye husuka vikapu vya milulu na ambaye alifuma vitambaa vya kutosha enzi zake kabla macho hayajaanza kumsumbua. Nilimsomea maelekezo kwa sauti, naye akanisimamisha kabla sijamaliza sentensi.

"Mwanangu, umesema kitanzi cha ngapi?"

"Cha nne, mama."

"Mshono mfupi unaanzia cha pili. Cha nne ni cha mshono mrefu, maana vile vitatu unavyoruka ndivyo vinavyosimama badala ya mshono wa kwanza. Huyo aliyeandika anataka mrefu."

Ndivyo ilivyokuwa. Waingereza na Wamarekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti: dabo ya Mwingereza ni mshono mfupi, ambao Mmarekani huuita singo, na dabo ya Mmarekani ni mshono mrefu, ambao Mwingereza huuita trebo. Shuleni tulirithi majina ya Kiingereza cha Uingereza, ilhali karatasi ilifuata majina ya Marekani bila kusema hivyo mahali popote. Anayeanza kabisa, asiye na mtu wa kumwuliza, hawezi kujua. Mstari mmoja ungetosha: zungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingiza, kisha uvute kupitia vitanzi viwili viwili mara mbili.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mshono mrefu hukua haraka, na safu tatu zilinipa upana wa karibu sentimita tatu, pamoja na yale matundu ya kwenye picha. Tatizo lililobaki lilikuwa langu, ingawa karatasi ingeweza kulitaja: kila safu ilipaswa kuwa na mishono 46, nami safu ya pili nilihesabu 45 na ya tatu 44, hivyo vichwa vyote viwili vya kialamisho vikawa vimekatwa mshazari. Mshono wa mwisho wa kila safu hufumwa juu ya kile kicheni cha vitanzi vitatu ulichogeuzia, na kwa kuwa hicho hakionekani kama mshono, jicho hukiruka. Nilichomeka pini ndogo kwenye kitanzi chake cha juu kila nilipogeuza, na tangu hapo hesabu haikupotea tena. Ushauri wa mama mkwe kuhusu cheni ya mwanzo ulinisaidia vilevile. Alinitaka niifume kwa mkono uliolegea, kwa sababu cheni iliyokazwa huvuta ukingo wa chini na kialamisho kizima hujipinda kama ndizi.

Karatasi inashauri kipigwe pasi kikiwa kibichi ili kilale. Mimi nilitumia njia iliyokuwa ikitumika kwa vitambaa vya makochi: nilikoroga kijiko cha wanga wa muhogo kwenye maji, nikauchemsha hadi ukawa mwepesi na wa kung'aa, nikatumbukiza kialamisho, nikakikamua kwa taulo na kukibana kwa pini juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kilikauka kikiwa kimenyooka kama kadi. Kosa nililifanya baadaye, nilipofunga kile kishada cha kwenye seti na kupitisha pasi mara ya mwisho juu ya kila kitu. Kishada si cha pamba. Ncha zake ziliyeyuka na kugandamana kuwa kitu kigumu cheusi, na pasi yangu ilihitaji kusuguliwa kwa muda mrefu. Uzi wote wa seti ni wa pamba ilhali kishada ni cha plastiki, na hapakuwa na onyo lolote. Nilikikata nikafunga kingine kwa uzi wa kijani uliobaki, kazi ya dakika kumi.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu neno dabo kwenye karatasi na kuhusu kishada cha plastiki. Alijibu kwa adabu kwamba wateja wengi wanafurahia bidhaa, jambo ambalo halikuwa swali langu.

Mwenye mama, shangazi au jirani anayejua kufuma anaweza kuinunua bila wasiwasi, kwa sababu uzi unatosha vialamisho vinne au vitano na sindano atabaki nayo kwa miaka. Anayetaka kujifunza peke yake akiitegemea karatasi hiyo, asiinunue mpaka irekebishwe. Mimi nikihitaji tena nitanunua uzi Miyomboni, hapa Iringa mjini, na kutumia sindano hiihii.

Ule ukanda mwembamba wa makosa nilikuwa nimeuacha mezani ili niufumue. Mama mkwe aliuchukua, akautia katika Biblia yake na kuifunga, akapitisha kidole kwenye kingo za kurasa. "Hiki ndicho changu," alisema. "Hicho chako kizuri kinavimbisha kitabu."