Nikon FM2 na jua la saa sita Nairobi

Karibuni tena, watazamaji wapenzi. Kamera niliyoishika ni Nikon FM2, na kwa kuwa wengi wenu mnaifahamu, sitawachosha kwa maelezo kwamba ilitoka mwaka 1982, au kwamba betri yake huendesha kipimamwanga pekee. Leo ninataka tuitazame namba moja tu kwenye gurudumu hili la kasi ya shata, yaani pazia zinazofunguka ili mwanga uifikie filamu: 4000, maana yake sekunde 1/4000.

Tuko Uhuru Park, jua liko utosini, na ndani nimeweka filamu ya Kodak Gold ya ISO 200, yaani kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa kawaida jua la namna hii linataka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na sekunde 1/250, lakini kwa f/16 uso wa mtu, uzio na magorofa ya mjini vyote hutoka kwa ukali mmoja, hata jicho likakosa pa kutua. Basi tazameni mkono wangu: kila ninapofungua tundu la lenzi hatua moja, ninaongeza kasi maradufu. Nakwenda f/11 na 1/500, f/8 na 1/1000, f/5.6 na 1/2000, kisha f/4 na 1/4000. Isikieni hiyo sauti! Mwanga unaoifikia filamu haujabadilika, ila picha imekuwa nyingine kabisa. Kamera za Pentax K1000 na Canon AE-1, ambazo ninaziheshimu sana, zingekomea 1/1000, na ukitaka kufungua zaidi ya f/8 bila kuzidisha mwanga ingekubidi ufunge kichujio cheusi kinachotia giza hata kwenye kitazamio.

Sasa ninafungua hadi f/2. Alama ya kujumlisha imewaka ndani ya kitazamio, kwa maana nimezidisha mwanga kwa hatua mbili, jambo ambalo filamu hasi ya rangi hulistahimili vizuri, ingawa filamu ya slaidi ingeharibika. Itazameni picha hii ya mpwa wangu akiruka kamba, niliyoipiga kwa lenzi ya milimita 50 kutoka mita 2 hivi, baada ya kulenga mapema pale anapotua. Ukali umeshika kina cha sentimita 20 hivi tu. Kope zake zinahesabika, vumbi chini ya kiatu limeganda hewani, miti ya nyuma imeyeyuka ikawa kijani kitupu, na kamba, pale inapopinda kunielekea, tayari imeingia ukungu. Ninaipenda kamera hii kwa sababu ya picha kama hizi.

Bei ndiyo inayoniudhi. Kwa pesa ya FM2 moja iliyo safi, mara nyingi utapata K1000 pamoja na akiba nzuri ya filamu, na kwa anayepiga milima ya Ngong kwa f/11, kasi hiyo ya ziada haina kazi. Anayepiga watu mchana, mimi ningemshauri ajibane ainunue.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo wa kamera, usiguse pazia za shata kwa kidole kwa sababu ni nyembamba mno, kisha omba kuona picha zilizopigwa kwa 1/4000. Kwa kasi hiyo mwanya kati ya pazia ni mwembamba sana, hivyo pazia moja ikichelewa kidogo tu, upande mmoja wa picha hutoka na giza. Katika video ijayo nitawaonyesha negativu zenyewe juu ya meza ya mwanga, hatua kwa hatua, kuanzia f/16 hadi f/2.